Bima ya Gari Ikikatika Bila Kuhuishwa: Nani Anawajibika?

ELIMU KWA UMMA: JUA SHERIA

Cheti cha bima ya gari kina tarehe mbili: siku bima inapoanza na siku inapoisha. Wenye magari wengi huikumbuka ya kwanza kwa sababu ndiyo siku waliyotoa pesa. Tarehe ya pili ndiyo inayowafikisha watu kituo cha polisi na mahakamani.

Siku hizi si kila mwenye gari anayekwenda mwenyewe ofisini kulipia bima. Wapo walioipa benki agizo la kukata pesa kwenye akaunti zao. Wapo wanaomwachia wakala wao wa miaka mingi. Wapo wanaolipa kwa awamu kwa njia ya simu. Wote hao huamini kwamba bima itaendelea yenyewe mwaka hadi mwaka. Kisha siku moja haiendelei. Benki inasema akaunti haikuwa na salio la kutosha, wakala anasema alituma ujumbe, na kampuni inasema haikupokea malipo. Mwenye gari naye anasema hakuambiwa lolote.

Somo hili linaeleza jukumu liko kwa nani hali hiyo inapotokea. Jibu kwa ufupi ni hili: mbele ya polisi, na mbele ya mtu aliyegongwa, anayewajibika ni mwenye gari pamoja na anayeliendesha. Benki, wakala au kampuni ya bima huenda walikosea pia, lakini kosa lao ni dai ambalo mwenye gari atalifuatilia baadaye, kwa ushahidi wake mwenyewe.

Baada ya kusoma, mkazi ataweza kueleza sheria inamtaka nini, kutambua mahali bima hukatikia, na kujua la kufanya endapo imeshakatika.

MANENO YA KUFAHAMU

Mtu wa tatu: mtu yeyote asiye sehemu ya mkataba wa bima anayeweza kudhuriwa na gari, kama vile mpita njia au mwendesha baiskeli. Katika mkataba, wa kwanza ni mwenye bima na wa pili ni kampuni.

Bima ya mtu wa tatu: bima ya lazima kisheria. Humlipa anayedhuriwa na gari. Haitengenezi gari la mwenye bima.

Bima kamili: bima inayobeba madhara ya mtu wa tatu na pia hasara ya gari lenyewe, kwa mfano likiibwa, likiungua au likigongwa.

Ada ya bima: pesa anazolipa mwenye bima.

Kuhuisha: kuifanya bima upya baada ya muda wake kuisha.

SHERIA INASEMA NINI

Bima ya lazima ya magari nchini Kenya inatokana na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inayohusu hatari za magari kwa mtu wa tatu. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kutumia gari barabarani, kusababisha litumiwe, au kumruhusu mwingine alitumie, ikiwa gari hilo halina bima halali ya mtu wa tatu.

Vitendo hivyo vitatu vinafaa kusomwa kimoja kimoja. Anayetumia ni dereva aliyeshika usukani, hata kama gari si lake. Anayesababisha ni kama tajiri anayemtuma dereva wake apeleke mzigo wa nazi Mariakani. Anayeruhusu ni kama mzazi anayempa mwanawe ufunguo aende harusini. Wote watatu wanaweza kujikuta wamevunja sheria kwa safari moja. Adhabu yake ni faini au kifungo, au vyote viwili, na leseni ya kuendesha inaweza kuwa hatarini.

Kifungu hicho hakiulizi kama mtu alikusudia kuendesha bila bima, wala kama alipata ujumbe wa kumkumbusha. Kinauliza jambo moja tu: wakati gari lilipokuwa barabarani, bima ilikuwepo au haikuwepo? Kwa hiyo maneno kama "sikujua imeisha" yanaweza kumfanya hakimu apunguze ukali wa adhabu, lakini hayaifanyi bima iliyokatika kuwa hai.

Hata nje ya Kenya jukumu limewekwa mahali hapo hapo. Sheria yetu ilifuata mfano wa Uingereza, nchi iliyofanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima mwaka 1930. Siku hizi kampuni nyingi za huko huhuisha bima zenyewe kila mwaka na kukata pesa kwenye kadi ya mteja. Kadi ikikataa, anayeulizwa na sheria ni mwenye gari. Tena tangu 2011 mwenye gari wa huko hutakiwa awe na bima hata kama haliendeshi, isipokuwa ametangaza rasmi kwamba ameliondoa barabarani.

KWA NINI BIMA HAIENDELEI YENYEWE

Bima ya gari ni mkataba wa muda maalumu. Muda ukiisha, mkataba umeisha. Ujumbe unaotumwa na kampuni wiki chache kabla ya tarehe hiyo ni mwaliko wa kufanya mkataba mpya, na mwaliko usiojibiwa kwa malipo haumfungi yeyote.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaweka sharti jingine. Kifungu cha 156 kinaizuia kampuni kubeba hatari ya mteja kabla ya ada kupokelewa au malipo yake kudhaminiwa kwa njia inayokubaliwa na sheria. Lengo ni kuzuia bima ya maneno matupu, ambapo mtu anabebewa hatari kwa ahadi kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba malipo yasipofika, bima haianzi, hata kama mteja huyo amekuwa na kampuni hiyo kwa miaka kumi.

Watu wengine hudhani zipo siku za neema baada ya tarehe ya kuisha. Dhana hiyo mara nyingi hutokana na bima ya maisha, ambayo mikataba yake huwa na siku za kungojea malipo yaliyochelewa. Cheti cha bima ya gari huishia kwenye tarehe iliyoandikwa. Bima ya mwaka mmoja iliyoanza tarehe 10 Machi huisha tarehe 9 Machi ya mwaka unaofuata. Anayesubiri hadi asubuhi ya tarehe 10 ili alipe tayari yuko nje ya bima, na akiendesha kwenda kulipa anavunja sheria njiani.

MAHALI BIMA HUKATIKIA

Mara nyingi bima hukatika kwa jambo dogo lisilotazamwa. Haya ndiyo yanayotokea zaidi.

Kwanza, agizo la benki limekwama. Pesa hazikutosha siku ya kukatwa, au akaunti ilibadilishwa. Benki haikatwi lawama kirahisi hapo, kwa sababu agizo la kukata pesa hutegemea kuwepo kwa pesa.

Pili, malipo ya awamu. Mtu anakubaliana kulipa ada ya mwaka kwa mafungu, na kila anapolipa anapewa cheti cha mwezi mmoja au zaidi. Wengi huhesabu kwamba wana bima ya mwaka. Ukweli ni kwamba cheti walichonacho kinaishia kwenye tarehe yake, na kipya hakitolewi hadi fungu linalofuata lilipwe. Jambo hili huwakuta sana wenye tuktuk, bodaboda na matatu wanaochukua cheti kifupi kifupi kulingana na mapato.

Tatu, pesa zimepungua kidogo. Juu ya ada kuna tozo mbili: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, na asilimia 0.25 ya Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima. Upo pia ushuru wa stempu wa shilingi 40 pale unapotozwa. Kwa ada ya shilingi 10,000, tozo mbili za kwanza ni shilingi 20 na shilingi 25. Stempu ikiongezwa, jumla inakuwa shilingi 10,085. Anayetuma shilingi 10,000 kamili anabaki na deni la shilingi 85, na cheti kinaweza kukwama kwa ajili ya deni hilo. Ada yenyewe pia inaweza kupanda mwaka hadi mwaka, na anayetuma kiasi cha mwaka jana akabaki na upungufu bila kujua.

Nne, nambari ya simu au barua pepe imebadilika. Kampuni inatuma ukumbusho kwenye laini ambayo mteja aliitupa zamani. Kampuni ikionyesha kwamba ilituma kwa anwani iliyopewa, ni vigumu kuilaumu.

Tano, pesa zimeishia mikononi mwa mtu wa kati. Mteja alimpa mtu taslimu au akamtumia kwenye simu yake binafsi, naye hakuzifikisha kwa kampuni.

Sita, mkopo wa gari umeisha. Benki iliyokopesha pesa za gari ilikuwa ikihuisha bima kila mwaka na kuongeza gharama kwenye mkopo. Siku mkopo ulipomalizika, kazi hiyo iliisha pia, lakini mwenye gari aliyezoea kufanyiwa hakulitambua hilo.

MASWALI MATATU YA KUTENGANISHA

Mabishano mengi kuhusu bima iliyokatika husababishwa na kuchanganya maswali matatu ambayo kila moja lina jibu lake.

Swali la kwanza: nani atashtakiwa?

Ni dereva, na pia yule aliyesababisha au aliyeruhusu gari litumike. Benki au wakala hawasimami kizimbani kwa kosa la gari kuwa barabarani bila bima. Ndiyo maana dereva wa kuajiriwa ana haki na wajibu wa kutazama tarehe ya cheti kabla ya kuwasha gari, na anayeazima gari la jirani afanye vivyo hivyo.

Swali la pili: nani atamlipa aliyeumia?

Bima ikiwa hai, kampuni hubeba fidia ya mtu wa tatu aliyeumia au aliyefariki hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo hurudi kwa mwenye kosa. Bima ikiwa imekatika, hakuna kampuni ya kubeba chochote. Hukumu ya mahakama hutekelezwa kwa mali ya waliopatikana na hatia ya kusababisha ajali: gari, akiba, mifugo, hata shamba.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, husema kwamba mtu ambaye jina lake limeandikishwa kwenye gari atahesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mwathiriwa anapotafuta wa kumshtaki, huanzia kwenye jina la logibuku.

Kuna kesi maarufu ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria hufundishwa, Monk dhidi ya Warbey, iliyoamuliwa katika miaka ya 1930. Mwenye gari alimwazima rafiki yake gari ambalo bima yake haikumhusu rafiki huyo. Ajali ikatokea. Mahakama ilisema mwenye gari atamlipa aliyeumia, ingawa hakuwa yeye aliyeendesha, kwa kuwa aliruhusu gari litumike bila bima na sheria ile iliwekwa kuwalinda watu kama mwathiriwa. Funzo lake ni kwamba jukumu la bima halihami pamoja na ufunguo.

Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, ile inayochangiwa kwa asilimia 0.25, haimsaidii aliyeachilia bima ikatike. Kazi yake ni kuwasaidia wateja wa kampuni za bima zilizoanguka.

Swali la tatu: nani atabeba hasara hatimaye?

Hapa ndipo kosa la benki, wakala au kampuni linapopata nafasi, na kila kitu hutegemea ushahidi. Aliyelipa ada yote kwa kampuni kabla ya ajali na ana risiti yenye tarehe na saa, lakini kampuni ikachelewa kutoa cheti, ana msingi imara wa kuidai kampuni. Aliyelipa kupitia wakala mwenye leseni, na kupewa risiti ya kampuni, ana msingi pia, kwa kuwa wakala huiwakilisha kampuni. Dalali wa bima ni tofauti: yeye kwa kawaida humwakilisha mteja. Aliyetuma pesa kwenye simu binafsi ya mtu bila risiti ana dai dhidi ya mtu huyo, na huenda likawa suala la polisi. Asiyelipa kabisa kwa sababu hakukumbushwa hana mengi ya kudai, isipokuwa mkataba wake ulisema wazi kwamba mwingine ndiye atakayehuisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bima, daftari ni risiti, cheti na ujumbe uliohifadhiwa.

MIFANO YA KUJIFUNZIA

Mifano hii imetungwa kwa ajili ya somo. Haihusu mtu wala kampuni yoyote.

Mfano wa 1. Tuktuk ya Malindi ina cheti cha mwezi kinachoisha Ijumaa. Mwenye tuktuk anasubiri mapato ya Jumamosi ili alipie mwezi unaofuata. Jumamosi saa mbili asubuhi dereva anamgonga mpita njia na kumvunja mguu. Saa nne mwenye tuktuk analipa kwa simu, na cheti kipya kinatoka. Je, bima inalipa? Hapana. Ajali imetokea kabla ya bima kuanza, na rekodi ya malipo inaonyesha saa. Dereva anaweza kushtakiwa kwa kutumia, na mwenye tuktuk kwa kusababisha au kuruhusu. Gharama za mpita njia zitawaangukia wao. Mwenye tuktuk akijaribu kudai kwamba ajali ilitokea saa sita, ameongeza kosa la udanganyifu juu ya kosa la kwanza.

Mfano wa 2. Mwalimu wa Kaloleni alinunua gari kwa mkopo. Mkataba wa mkopo unasema benki itahuisha bima kamili kila mwaka na kuongeza gharama kwenye marejesho. Mwaka wa tatu, mkopo ukiwa bado unaendelea, benki inasahau. Gari linaibwa usiku. Mwalimu hana bima ya kumlipa, lakini ana mkataba ulioweka wajibu kwa benki na taarifa za akaunti zinazoonyesha alikuwa akilipa marejesho bila kukosa. Anaweza kuidai benki hasara hiyo. Kama mkataba ungesema tu kwamba benki "inaweza" kuhuisha, dai lake lingekuwa dhaifu zaidi, kwa kuwa neno hilo linaipa benki ruhusa bila kuilazimisha. Na kama usiku huo gari lingekuwa limemgonga mtu, mwalimu angeulizwa kwanza, mkataba uwe umesema lolote.

Mfano wa 3. Mkazi wa Mtwapa anauza gari na kulikabidhi siku hiyo hiyo, likiwa na miezi miwili ya bima. Hawabadilishi jina kwenye logibuku. Mnunuzi anaendelea kuliendesha, bima inaisha, na mwezi wa tatu anasababisha ajali. Makosa mawili yamefanyika. Kwanza, bima ya muuzaji haihami na gari. Ni mkataba wake na kampuni, na mnunuzi alipaswa kuchukua bima yake tangu siku ya kwanza. Pili, jina la muuzaji bado limo kwenye rekodi, kwa hiyo barua ya wakili itamfikia yeye, naye atalazimika kuthibitisha kwamba aliuza. Sheria ya Trafiki inataka gari lililohamishwa lisitumike zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kuandikishwa. Uhamisho hufanywa kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen.

BIMA IKISHAKATIKA

Mwenye gari anayegundua kwamba tarehe imepita afuate hatua hizi.

1. Gari lisimame hapo lilipo salama, nje ya barabara. Kuliegesha kando ya barabara ya umma si suluhisho, kwa sababu bado liko barabarani. Likihitaji kuhamishwa, livutwe.

2. Kampuni iulizwe hali halisi ya bima. Vyeti vya sasa ni vya kidijitali na vimo kwenye mfumo unaotumiwa na kampuni za bima, hivyo uhalali wake unaweza kuthibitishwa hata pale ambapo karatasi kwenye kioo inaonekana sawa.

3. Ada ilipwe yote pamoja na tozo, kwa nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, na cheti kipokelewe kabla ya gari kuwashwa. Tarehe na saa ya kuanza zisomwe.

4. Kampuni iambiwe ukweli kuhusu kipindi cha katikati. Kama gari liligongwa au lilimgonga mtu wakati bima imekatika, jambo hilo lisifichwe. Kuficha kunaweza kuiharibu bima mpya nzima. Kwa bima kamili, kampuni inaweza kutaka gari likaguliwe na kuthaminiwa upya, na punguzo la kutokuwa na madai linaweza kupotea.

5. Kama ajali imeshatokea, majeruhi asaidiwe na polisi waarifiwe. Kukimbia hugeuza tatizo la pesa kuwa kosa kubwa zaidi. Mwenye gari asitie saini makubaliano yoyote ya fidia kabla ya kupata ushauri wa wakili.

6. Ushahidi wote ukusanywe siku hiyo hiyo: ujumbe wa malipo, taarifa ya benki, nakala ya mkataba, mawasiliano na wakala.

KUJIKINGA KABLA

Tarehe ya kuisha iandikwe mahali pawili, kwenye simu na kwenye kalenda ya nyumbani, na ukumbusho uwekwe wiki mbili kabla. Wenye magari zaidi ya moja wawe na orodha ya tarehe za kila gari.

Mwenye agizo la benki athibitishe mambo matatu kila mwaka: kiasi kipya cha ada, salio la akaunti, na kama cheti kimetoka kweli. Kukatwa kwa pesa na kutolewa kwa cheti ni mambo mawili tofauti.

Anayetumia wakala aulize kwa maandishi. Ujumbe mfupi kama huu unatosha: "Habari za asubuhi Bi. Bima ya gari langu inaisha tarehe 9 mwezi ujao. Naomba uniarifu kiasi kamili pamoja na tozo, nambari ya malipo ya kampuni, na unitumie cheti kipya kabla ya tarehe hiyo. Asante." Jibu lake lihifadhiwe. Wakala mwaminifu hatachukia kuulizwa hivyo, kwa sababu maandishi humlinda yeye pia.

Kabla ya kumpa mtu pesa za bima, mwananchi anaweza kuuliza kama mtu huyo ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kampuni, mawakala na madalali wote hutakiwa wawe wamesajiliwa na mamlaka hiyo.

Mwenye gari la mkopo asome tena kifungu cha bima kwenye mkataba wake. Aangalie kama benki imeahidi kuhuisha au imejipa ruhusa tu, na aulize nini kitafuata mkopo utakapoisha.

MALALAMIKO HUPELEKWA WAPI

Bima ni jukumu la serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haiuzi bima, haitoi vyeti, wala haina uwezo wa kufuta kesi ya trafiki. Kwa mujibu wa Katiba, kaunti husimamia barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa kaunti, na somo hili limetolewa kwa sababu ajali katika barabara hizo huwaangukia wakazi wetu na hospitali zetu.

Anayeamini kwamba kampuni, wakala au dalali alimkosea aanze kwa kuandika malalamiko kwa kampuni yenyewe, akiambatisha nakala za ushahidi na kubaki na nakala halisi. Asiporidhika, apeleke malalamiko IRA. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo. Kama kilichobaki ni dai la pesa zisizozidi shilingi milioni 1 kutokana na mkataba wa huduma, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza, na sheria yake inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi na kesi za majeruhi zinahitaji wakili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dereva wa kuajiriwa ameambiwa na tajiri kwamba bima "iko njiani". Je, aendeshe?
2. Mteja ametuma shilingi 10,000 badala ya 10,085, na cheti hakijatoka. Je, ana bima?
3. Gari lina bima kamili ya mwaka, lakini cheti kilichopo ni cha mwezi mmoja na kimeisha jana. Je, liko salama barabarani?
4. Mwenye gari hakupata ujumbe wowote wa kumkumbusha. Je, hiyo ni kinga mbele ya polisi?

MAJIBU

1. La. Anayeshika usukani naye anawajibika. Asubiri aone cheti.
2. Asijihesabu kuwa nayo. Amalize salio na asubiri cheti.
3. La. Kinachoonyesha bima ni hai ni cheti chenye tarehe ambayo haijapita.
4. La. Sheria huuliza kama bima ilikuwepo, haiulizi kama mtu alikumbushwa.

Wakazi wanahimizwa kutoka nje leo na kutazama tarehe ya pili kwenye vyeti vya magari, pikipiki na tuktuk zao. Familia zenye gari linaloendeshwa na watu kadhaa ziteue mtu mmoja wa kufuatilia tarehe hiyo, na wote wajue ni nani.